Anti, Nimepata Kazi Nakuru Lakini Pesa ya Kuhamia Haitoshi

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja: mtu ameitwa kazi mji mwingine, mshahara ni ule wa kuanzia, alafu kichwa kinazunguka. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu ju makosa karibu yote huyu msichana anataka kufanya, mimi nilishayafanya.

SWALI: Hujambo Anti. Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu ni Webuye. Nilimaliza diploma ya uhasibu mwaka juzi na nimekuwa nikisaidia mama kwa duka. Sasa nimepata kazi Nakuru mjini, karani wa hesabu kwa duka la vifaa vya ujenzi, mshahara 30,000, naanza tarehe 8. Akiba yangu ni 19,000. Rafiki yangu amenitafutia bedsita ya 6,500 upande wa Pipeline na depositi ni ya mwezi mmoja, anasema nitume pesa haraka kabla haijachukuliwa. Mjomba wangu anakaa Lanet na amesema niende kwake, lakini bibi yake simjui vizuri na sitaki kuanza maisha kwa kuvumiliwa. Nyumbani wanataka nibebe kitanda na sofa ya watu wawili. Na baba ameshaanza kuongea habari ya karo ya mdogo wangu. Anti, hii 30,000 itanitosha kweli?
Mwenye Wasiwasi, Webuye

JIBU: Mwanangu, hongera kwanza, maana kuna wenzako wengi wenye hiyo diploma bado wako kwa duka la mama.

Tuanze na hiyo 30,000 ju hutaiona. NSSF ya akiba ya uzeeni inachukua asilimia 6, hiyo ni 1,800. SHIF ya hospitali asilimia 2.75, hiyo ni 825. Makato ya nyumba asilimia 1.5, hiyo 450. Hayo matatu siku hizi yanaondolewa kabla kodi haijapigwa, kwa hivyo KRA, wale wa kodi, wanakuangalia kama mtu wa 26,925, na ukishapewa ile nafuu ya 2,400 ya kila mwezi kodi yako inabaki kama 731. Toa yote, kinachoingia kwa simu au benki ni kama 26,190. Andika hiyo namba mahali, hiyo ndo mshahara wako, hiyo 30,000 ni ya kuambia watu kijijini. Na kabla hujasaini soma barua ya kazi uone kama imesema nyumba imejumuishwa kwa mshahara, ju Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mwajiri akupe mahali pa kukaa ama pesa ya nyumba ya kutosha juu ya mshahara, isipokuwa kama mkataba umesema hiyo pesa iko ndani tayari. Wengi wanaandika iko ndani. Lakini uliza, kuuliza hakukatwi.

Sasa unauliza itatosha. Itatosha, lakini kuanzia mwezi wako wa tatu kazini. Kitu kinakutisha na hujakiona ni hapo kati, kuanzia siku unashuka pale steji mpaka siku ya mshahara wa kwanza. Unaanza tarehe 8, kwa hivyo mwezi wa kwanza watakulipa ya siku ulizofanya tu, na kuna ofisi zinafunga hesabu za mishahara katikati ya mwezi, kama jina lako halijaingia unaambiwa utalipwa mwezi ujao pamoja. Piga simu uulize sai wanafunga tarehe ngapi. Na uende na kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF, namba ya SHA (hao wa SHIF) na akaunti ya benki vyote vikiwa tayari, ju nimeona kijana akingoja wiki sita kwa sababu tu ya namba moja ilikosekana.

Piga hesabu ya rafiki yako. Rent 6,500, depositi 6,500, hiyo ni 13,000 na hujanunua hata kijiko. Unabaki na 6,000. Toa nauli ya kutoka Webuye, toa godoro, toa meko na mtungi wa kilo sita, toa ndoo mbili, tokeni za stima, na sijaweka chakula. Wiki ya pili unaingia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mtu akianza mwezi akiwa ndani ya Fuliza mshahara ukipita kwa hiyo laini unapunguzwa kabla hajaugusa, mwezi wa pili anaanza akiwa chini tena. Alafu kazi iko mjini kati na bedsita iko Pipeline, tuseme matatu ni 50 kwenda na 50 kurudi, siku 26 hiyo ni 2,600 kila mwezi, na jioni mvua ikinyesha makanga wanapandisha bila aibu. Kwa hivyo hiyo nyumba ya 6,500 ni ya 9,100. Bora ulipe 7,500 mahali unaweza kutembea, upande wa Bondeni ama Shabab ama Section 58 ukibahatika, na hiyo nauli uile chakula.

Na usitume pesa. Najua ni rafiki yako na simsemi vibaya, lakini hata ile ya kushikilia nyumba usitume kabla hujasimama ndani ya hicho chumba na miguu yako miwili. Mimi ajenti mmoja alinilipisha pesa ya kuona nyumba, tukapanda ngazi tukiwa watu saba, kila mtu amelipa, na chumba tulichoonyeshwa kilikuwa na mwenyewe ndani anakunywa chai. Alituangalia tu. Alikuwa ameshazoea.

Kwa hivyo nasema nenda kwa mjomba. Najua hutaki kusikia hivyo.

Hilo neno lako la kuvumiliwa nimelisoma mara mbili. Mgeni huvumiliwa pale hakuna mtu anajua anaondoka lini. Kwa hivyo usiongee na mjomba, mjomba ameshakubali na yeye hapiki. Mpigie bibi yake kabla hujasafiri, mwite anti kama kawaida, mwambie, anti nimepata kazi, naomba nikae miezi miwili mpaka nipate mshahara wa pili, alafu nitafute chumba. Mtajie mwezi unaotoka kabisa. Muulize ungependa nisaidie na nini, na kama atasema usijali, wewe usikubali, mwambie unga na tokeni za nyumba ni zako. Mwanamke akijua unga wa mwezi umelipwa na tarehe ya kutoka iko, utashangaa vile atakupenda. Na usiende mikono mitupu, unatoka Webuye jamani, beba mahindi debe moja, njugu gorogoro mbili na ndizi. Hayo mahindi poshomili ya Lanet itasaga tu. Asubuhi amka kabla yake, osha vyombo vya jana. Jumapili moja moja nenda kanisa alafu utembee mpaka jioni uwaachie nyumba yao, watu wa ndoa wanahitaji kugombana bila mgeni kusikiza.

Lanet pia ni mbali kidogo na mjini, nauli utalipa, lakini hujalipa rent wala depositi, kwa hivyo ile 19,000 inakaa. Ukiweka na kitu kidogo kutoka kwa mshahara wa kwanza na wa pili unaingia nyumba yako ukiwa na pesa ya kulala usingizi.

Sasa hiyo sofa. Iache. Wacha nikwambie kwa nini.

Nilipokuja hapa kutoka Kakamega, Nakuru haikuwa siti bado, hiyo cheti walipewa Desemba 2021 (na landilodi wangu Januari akaongeza rent akatuambia sasa tuko kwa siti, barabara ya matope ikiwa vile vile). Binamu yangu alikuwa na lori inaleta mahindi, akasema atanibebea vitu bure. Bure yenyewe ilikuwa nimpe mafuta kidogo, nimpe turnboy chakula, na askari wa njiani pia wakasalimiwa. Mama alinipa sofa ya watu watatu, ya mbao ya mvule, ile kitu nzito ya zamani na vitambaa vya kushona. Tukafika usiku saa nne. Chumba changu kilikuwa singo, mlango mwembamba, ndani ya korido ambayo watu wawili hawapishani. Tukaisukuma ikaingia nusu, mkono wa sofa ukashika fremu ya mlango, mbele haiendi nyuma hairudi, na mimi niko upande wa nje na godoro liko upande wa ndani. Majirani wakatoka na tochi kila mmoja na ushauri wake. Mwishowe fundi wa hapo akakata miguu miwili na msumeno saa sita za usiku ndo ikatoka, ikalala kwa korido siku nne, watoto wakirukaruka, ikanyeshewa na mvua ya upande. Niliiuza kwa bei ambayo haikufika hata ile ya mafuta ya lori. Mama sijawahi kumwambia, na kama anasoma hii, mama pole.

Beba blanketi mbili nzito, hiyo ndo utanishukuru. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na mtu wa Webuye akifika mwezi wa saba anadhani ni mgonjwa kumbe ni baridi tu. Sufuria mbili, mwiko, sahani, shuka, nguo za kazi. Godoro utanunua hapa. Kitanda kinaweza kungoja, nimelala chini miezi mitano na mgongo uko sawa.

Siku ya kutafuta nyumba ikifika, nenda jioni. Mchana kila ploti ni nzuri. Jioni ndo utajua kama baa iko nyuma ya dirisha na kama unapita mahali pabaya ukirudi kutoka kazi. Fungua mfereji, kama hautoi kitu muulize jirani, si keateka (mwangalizi wa ploti), maji huja siku gani. Uliza kama mita ya tokeni ni yako peke yako ama mnashea, ju ya kushea kuna mmoja anapika githeri kwa koili na nyinyi wote mnalipa. Depositi ulipe kwa njia inayoacha alama, upewe risiti, na upige picha kuta kabla hujaingiza hata ndoo, maana siku ya kutoka utaambiwa depositi ni ya rangi.

Kitu kingine cha hapa ni maji ya kunywa. Maji ya visima virefu vya Nakuru yana floraidi nyingi, ndo maana unaona watu waliolelewa hapa wana meno ya kahawia. Ya kwako yalishakomaa hayatageuka, hiyo huwashika watoto meno yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya ufizi. Lakini usidhani kuchemsha kunaitoa, kuchemsha kunaua vijidudu tu, floraidi inabaki na maji yakipungua kwa moto yeye anazidi kukolea. Kinga ya mvua ama nunua ya kunywa na kupikia, ya kuosha haina shida.

Chakula hapa hakitakusumbua sana, viazi na kabeji za Molo na Bahati ziko karibu, nenda soko la Wakulima Jumamosi na kiondo ununue ya wiki. Kitakachokumaliza ni saa saba mchana. Chakula cha kibanda na soda kila siku, fanya hesabu mwenyewe uone. Beba githeri kwa mkebe, ukichekwa wiki ya kwanza, wiki ya pili watakuomba.

Na baba. Mshahara wa kwanza kwetu una heshima yake, mpelekee mama shuka ama baba kofia, kitu cha kushika, hiyo ifanye. Lakini karo usiahidi sai. Mwambie mama ile namba ya 26,190, usimwambie 30,000, alafu sema kuanzia mwezi wangu wa nne kazini nitatuma 2,000 kila tarehe 3. Kidogo na kina tarehe. Ukianza na 7,000 kwa furaha ya mwezi wa kwanza, siku utatuma 3,000 utaitwa mtu amebadilika mjini.

SWALI: Anti habari. Mimi ni mzee wa miaka 29 (natania), niko Nakuru na nimepata kazi mpya Kisumu, mshahara 28,000, kwanza niko kwa probesheni miezi sita. Bibi na mtoto wamebaki kwanza. Wenzangu kazini wengi wanakaa Milimani na sitaki kuonekana mtu wa chini. Kuna duka linaweza kunipa kitanda, tivii na friji nilipe mdogo mdogo miezi 12. Nichukue?
Baba Boy, Nakuru

JIBU: Baba Boy, usichukue. Wewe mwenyewe umeandika miezi sita alafu ukaandika miezi 12 na hukuona kitu? Kwa probesheni sheria inaruhusu mwajiri akuachishe na notisi ya siku saba, ama akulipe mshahara wa hizo siku saba uende. Friji itabaki inakudai mpaka mwaka uishe.

Milimani ya Kisumu waachie wenye Milimani, mtu wa 28,000 na bibi ako Nakuru ana nyumba mbili, hiyo tu inatosha. Angalia Migosi, angalia Kibos road, hata Manyatta kuna ploti safi ukitafuta polepole. Ukiangalia Nyalenda uliza wenyeji kuhusu mto Auji, mvua kubwa ikija kuna sehemu maji yanaingia mpaka kitandani, na keateka hatakuambia kiangazi. Na usidanganywe na chumba cha juu kabisa chini ya mabati ju kina upepo na mandhari ya ziwa, saa nane mchana ni jiko.

Kitu cha kwanza kununua ni neti. Kabla ya godoro, kama lazima. Nakuru mbu wapo wa kelele, Kisumu ni ukanda wa malaria ya mwaka mzima, na wewe mwili wako umekaa juu kwa baridi haujazoea, kwa hivyo ukisikia homa usiseme ni uchovu wa kuhama, nenda upimwe siku hiyo hiyo. Bibi na mtoto wakija kutembea, mtoto alale ndani ya neti hata ile ya mchana.

Nauli ya kurudi nyumbani ndo itakula mshahara wako, ni kama kilomita 180 kupitia Kericho, na najua utaambia bibi kila wikendi. Sema mara mbili kwa mwezi, alafu itimize. Hizo wikendi zingine amka Jumapili asubuhi uende Kibuye, hapo shati ya ofisi na suruali utapata ukiwa na jicho, na omena ya kubeba ukienda Nakuru, ile ya jua, siyo ya mvua inanuka. Hao wenzako wa Milimani utawakuta hapo hapo wamevaa kofia wakiinama kwa mitumba.

SWALI: Anti, nasumbuka. Kijana wangu alipata kazi Nakuru miezi mitatu imepita na hajatuma kitu, akipigiwa anasema mambo ni magumu. Tulimsomesha kwa kuuza ng'ombe. Ni mtoto gani huyu? Nataka hata kumtumia kuku kwa matatu aone bado ni mtoto wetu.
Mama wa Vihiga

JIBU: Mama, pole. Soma hiyo barua ya kwanza hapo juu, ile hesabu ya msichana wa Webuye, alafu uongeze kwamba wa kwako ni mvulana na pengine hajui kupika. Kwa aliyeanza bila mpango, mwezi wa tatu kazini ndo huwa mbaya kabisa, akiba ya nyumbani imeisha na watu wanadhani ametulia. Simtetei, kuna watoto wanapotea mjini kweli, na huyo angeweza kutuma hata 500 mjue anawakumbuka. Lakini mtu anayeshika simu yako na kukwambia ni ngumu bado hajapotea, wale waliopotea hawashiki.

Usimtajie ng'ombe. Anajua, alimfunga kamba yeye mwenyewe siku ya kuuzwa. Muulize mshahara unaomfikia baada ya makato ni ngapi na rent ni ngapi, pole pole kama mtu anauliza bei ya sukari, alafu mpange nyinyi wawili kiasi na tarehe. Na hiyo kuku mtumie Ijumaa jioni, Jumamosi mchana ndo ako nyumbani, na mpigie bibi wa ploti ama jirani amsaidie kuichinja ju nina uhakika yeye ataiogopa.